Tovuti na Seva Zake, Sehemu ya Tatu: Ukurasa Uliohama, Ombi Lililokwama

Mwaka 2012, serikali ilipotangaza wilaya mpya mkoani Kigoma, Kasulu ilimegwa ikazaliwa Buhigwe, na Kibondo ikamegwa ikazaliwa Kakonko. Manyovu na Munanila, ambazo miaka yote zilihesabiwa Kasulu, zikawa Buhigwe. Muhange na Kasanda zikatoka Kibondo. Wananchi hawakusogea hata hatua moja. Kilichohama ni majalada, mihuri na dirisha la kupokelea barua. Kasulu yenyewe nayo ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, na kila moja ina tovuti yake: kasulutc.go.tz na kasuludc.go.tz. Herufi moja tu inamtenganisha anayetafuta tangazo la viwanja na ofisi isiyomhusu.

Ofisini mambo haya hayasumbui sana, kwa sababu kuna karani. Anamtazama mgeni, anasikia jina la kijiji, anamwambia faili lake siku hizi liko Buhigwe. Seva haina karani. Ukurasa ukihamishwa, fomu ikibadilishwa jina au mfumo mzima ukipewa anwani mpya, seva itamjibu mwombaji kuwa kitu hicho hakipo, labda mtu awe ameiandikia mapema kilikokwenda.

Sehemu mbili zilizotangulia za mfululizo huu zilieleza ombi linavyosafiri kutoka kwenye simu hadi kwenye seva, na jinsi programu iliyo upande wa seva inavyochota taarifa kwenye kanzidata na kuunda ukurasa. Zote mbili zilichukulia kwamba mambo yanakwenda sawa. Sehemu hii inahusu siku ambayo hayaendi sawa, na siku ambayo ukurasa umehama. Vitabuni mada hizi mbili huwekwa sura tofauti: makosa huku, uelekezaji kule. Katika programu halisi hazitengani, na sababu itaonekana tukifika kwenye kaunta ya steshenari.

Kila jibu la seva hutanguliwa na namba ya tarakimu tatu ambayo kwa kawaida msomaji haioni. Kivinjari ndicho kinachoisoma kwanza, kisha kinaamua la kufanya. Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uzito. Namba inayoanza na 2 inasema ombi limekubaliwa. Ya 3 inasema kitu kiko kwingine, au hatua moja zaidi inahitajika. Ya 4 inasema ombi lenyewe lina kasoro: anwani haipo, fomu haikujazwa sawasawa, au mwombaji hana ruhusa. Ya 5 inasema ombi halina ubaya, ila seva imeshindwa kazi yake.

Tim Berners-Lee na wenzake katika maabara ya fizikia ya CERN, Geneva, walipounda wavuti mwanzoni mwa miaka ya 1990, hawakubuni mtindo huu kutoka hewani. Namba za tarakimu tatu zilikuwa zikitumika tayari katika kuhamisha mafaili na kutuma barua pepe. Mei 1996 zikaandikwa katika waraka wa HTTP/1.0, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari na seva, na nyingi kati yake hazijabadilika tangu wakati huo. Ipo hadithi kwamba 404 ilikuwa namba ya chumba CERN kilichokuwa na seva ya kwanza. Hadithi ni tamu, lakini haina ukweli. Robert Cailliau, aliyekuwa na Berners-Lee tangu mwanzo, ameikana.

Mpaka kati ya 4 na 5 unaonekana kama jambo la wataalamu tu, kumbe ndio unaoamua nani afanye kitu. Aliyepata 4 anaweza kusahihisha: aandike anwani upya, ajaze sehemu aliyoiacha, aingize nenosiri. Aliyepata 5 hana la kusahihisha, atasubiri. Mfumo unaochanganya hizi mbili unawafanya watu wahangaike kurekebisha fomu ambayo haikuwa na kosa. Kibaya zaidi ni mfumo unaotoa 200, yaani kila kitu ni shwari, huku maandishi ya ukurasa yakisema kuna tatizo. Mtu atasoma na kuelewa. Mitambo ya kutafuta, programu za simu na vifaa vinavyolinda mfumo kwa kawaida havipimi kosa kwa maandishi. Vinasoma namba, na namba imevidanganya.

Tuanze na kuhama.

Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 na ushei, inapita Kakonko, Kibondo na Kasulu hadi mpakani mwa Burundi. Dereva aliyeipita wakati wa ujenzi wa lami anajua tofauti ya mchepuko unaowekwa kwa muda kalavati likijengwa, na njia iliyohamishwa moja kwa moja. Mchepuko anaufuata leo, lakini kesho atachungulia tena njia kuu. Njia iliyohama anaizoea, na ya zamani anaisahau. Wavuti ina namba kwa kila hali. 302 ni mchepuko: nenda kule kwa sasa, ila safari ijayo pita hapa kwanza. 301 ni njia iliyohama: usirudi hapa tena.

Na vivinjari hutii. Kikishapewa 301, kivinjari kinaweza kuikumbuka muda mrefu na kwenda moja kwa moja kwenye anwani mpya bila kuiuliza seva ya zamani. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Msimamizi wa tovuti anaweka 301 kwa ajili ya matengenezo ya siku mbili, anamaliza kazi, anaiondoa, kisha anashangaa kwamba baadhi ya watumiaji bado wanapelekwa kwenye ukurasa wa "tunafanya matengenezo" wiki nzima baadaye. Seva haina kosa tena. Kumbukumbu iko kwenye simu za watu, nje ya uwezo wake. Kanuni ya kazi hapa ni uoga: anza na 302, na ukiwa na hakika kwamba hurudi nyuma, geuza iwe 301.

302 nayo ina historia ya aibu kidogo. Ombi la kusoma ukurasa na ombi la kutuma fomu ni aina mbili tofauti. La kwanza huitwa GET, la pili POST. Waraka wa 1996 ulitaka kivinjari kinachoelekezwa kwingine kisibadilishe aina ya ombi, lakini waraka huohuo ulikiri kwamba baadhi ya vivinjari vilikuwa vikigeuza POST kuwa GET kimakosa. Kosa likaenea hadi likawa desturi, na tovuti nyingi zikalitegemea. Badala ya kupigana na desturi, wataalamu waliongeza namba. 303 ilikuja na HTTP/1.1 mwaka 1997: nenda kule, na ukifika soma tu, usitume tena. 307 ilifuata mwaka 1999: nenda kule kwa muda, na utume vilevile ulivyotaka kutuma hapa. Mwaka 2014 ikaja 308, ambayo ni 301 isiyobadilisha aina ya ombi. Orodha ni ndefu kuliko ilivyohitajika, na ilirefuka kwa sababu watu walizoea kosa.

Kinga bora ya yote haya ni anwani isiyolazimika kuhama. Ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa ilikuwa chini ya Waziri Mkuu, na tovuti yake ilikuwa pmoralg.go.tz, herufi tatu za mwanzo zilibeba Ofisi ya Waziri Mkuu. Desemba 2015 Rais John Magufuli aliihamishia Ofisi ya Rais, na herufi hizo zikawa hazina mwenyewe. Anwani ya sasa, tamisemi.go.tz, haitaji ofisi ya mkubwa yeyote, inataja kazi. Ofisi hiyo ikihamishwa tena kesho, anwani haitakuwa na sababu ya kubadilika. Berners-Lee aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na kwamba kinachoiharibu ni kubandika ndani yake vitu vinavyopita: jina la mwandishi, jina la programu, neno kama "mpya". Anayetengeneza tovuti ya shule pale Kabanga au Makere akiita ukurasa wake matokeo-mapya.php ameshajiwekea miadi na 301, kwa sababu matokeo yatachakaa na siku moja ataacha kutumia lugha ya PHP.

Sasa kaunta ya steshenari.

Katika mji wa Kasulu, kama ilivyo Kibondo, maombi mengi ya mtandaoni hayajazwi na mwombaji mwenyewe. Yanajazwa steshenari, penye mashine ya fotokopi, picha za pasipoti na kompyuta mbili. Msimu wa maombi ya mikopo na vyuo, kijana anafika kutoka Nyakitonto au Heru Ushingo na bahasha yake: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, namba ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya simu ya mzazi. Dada wa steshenari anaandika, anasoma kwa sauti, anauliza, "Mdogo wangu, jina la mama ndivyo linavyoandikwa hivi?" Anabonyeza kitufe cha kuwasilisha. Kiduara kinazunguka. Kinaendelea kuzunguka. Kisha ukurasa mweupe.

"Limekwama," anasema, na kidole tayari kiko juu ya kitufe cha kupakia upya.

Kuna mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea. Huenda ombi halikufika kwenye seva kabisa, mtandao ulikatika njiani. Huenda lilifika, likashughulikiwa, likahifadhiwa salama, ila jibu ndilo lililopotea likirudi. Au lilifika na seva ikashindwa kulihifadhi. Kutoka kwenye kaunta ile mambo matatu yanafanana kabisa: ukurasa mweupe. Lakini la kwanza na la tatu yanataka utume tena, na la pili linataka usitume. Mwandishi wa programu aliyekaa Dar es Salaam kwenye mtandao wa waya huenda asikutane nalo hata mara moja akifanya majaribio. Kwenye kilima penye mnara mmoja wa simu, hilo ni jambo la kila siku, na ndiyo maana ubora wa mfumo ungepimwa huku.

Dawa ya kwanza ni ya zamani, na Michael Jouravlev aliieleza kwa kirefu katika makala ya mwaka 2004. Programu ikishapokea fomu na kuihifadhi, isijibu kwa ukurasa wa "hongera". Ijibu kwa 303, imwelekeze mtumiaji kwenye ukurasa wa risiti wenye anwani yake. Kivinjari kinaacha nyuma ombi la kutuma na kubaki na ombi la kusoma. Hapo dada anaweza kupakia upya mara kumi; atasoma risiti ileile mara kumi. Bila uelekezaji huo, kila akipakia upya kivinjari kinauliza kama anataka kutuma fomu tena, kwa lugha ambayo wengi hujibu ndiyo bila kusoma, na mfumo unaandika ombi la pili. Kama ombi linazaa namba ya kumbukumbu ya malipo, zinazaliwa mbili, na mzazi anapokea ujumbe wa deni moja mara mbili. Atalipa ipi?

Dawa hiyo haitoshi, na hapa vitabu vingi husimama mapema mno. 303 inamlinda aliyepata jibu. Yule ambaye jibu lake lilipotea njiani bado amekaa kwenye ukurasa wa fomu, naye atabonyeza tena. Kinachomwokoa ni kanzidata. Namba ya mtihani wa kidato cha nne, yenye shule, mtahiniwa na mwaka, haifanani kwa watu wawili. Jedwali likikataa namba hiyo kuandikwa mara mbili katika msimu mmoja, ombi la pili litagonga ukuta. Swali ni programu ifanye nini baada ya kugonga.

Programu iliyoandikwa kwa haraka inaacha kosa la kanzidata litoke lilivyo, na kijana anasoma kwenye kioo sentensi ya Kiingereza kuhusu ufunguo uliorudiwa, chini ya namba 500. Anaondoka akidhani ombi limekataliwa. Ukweli ni kinyume chake. Kosa la kurudia ndilo ushahidi kwamba ombi la kwanza liliingia! Programu iliyofikiriwa inalidaka kosa hilo mahususi, inatafuta risiti ya ombi la kwanza, na inajibu 303 kwenda kwenye risiti hiyo, baada ya kuhakikisha kwamba aliyetuma ni mwenye akaunti ileile. Kosa limegeuzwa uelekezaji. Dada wa steshenari hatajua kwamba kulikuwa na kosa, na hana haja ya kujua.

Kwa mifumo isiyo na namba ya asili namna hiyo, fomu hupewa alama ya siri ya mara moja inapofunguliwa. Seva inaitunza, na alama hiyo ikifika mara ya pili inatambua kwamba ni bahasha ileile.

Tusogelee mashine kidogo. PHP, lugha aliyoianza Rasmus Lerdorf mwaka 1994 na kuitoa hadharani mwaka uliofuata, hufanya uelekezaji kwa mistari miwili:

header("Location: /risiti/" . $namba, true, 303);
exit;

Mstari wa kwanza una masharti. Namba ya jibu na anwani mpya husafiri kwenye kichwa cha jibu, kabla ya mwili wa ukurasa. Herufi moja ya mwili ikishatoka, kichwa kinaweza kuwa kimefungwa, na PHP italalamika kwamba vichwa vimekwisha kutumwa. Herufi hiyo inaweza kuwa nafasi tupu iliyoachwa juu ya faili, au baiti tatu zisizoonekana ambazo baadhi ya programu za kuandikia hubandika mwanzoni mwa faili bila kumwambia mtu. Mwanafunzi huangalia msimbo hadi macho yanauma, na hakuna cha kuona.

Mstari wa pili ndio wa hatari, kwa sababu ukiusahau hakuna kinacholalamika. Amri ya kuelekeza haisimamishi programu. Inaandika kichwa tu na kuendelea. Chukua ukurasa wa msimamizi: kama mtu hajaingia kwa nenosiri, apelekwe kwenye ukurasa wa kuingia. Bila exit, programu inaandika uelekezaji, kisha inaendelea chini, inachota orodha ya waombaji wote pamoja na namba zao za simu, na kuituma yote nyuma ya uelekezaji huo. Kivinjari kinatii na kwenda kwenye ukurasa wa kuingia, hivyo mwandishi akijaribu anaona mlango umefungwa. Mtu mwenye chombo rahisi kisichofuata uelekezaji anasoma orodha yote. Na kama chini pale kuna amri ya kufuta, inafuta. Kati ya kasoro zote zinazotajwa katika makala hii, hii ndiyo ambayo mkaguzi angeanza nayo.

Lugha nyingine zina njia zao. Java ina sendRedirect, inayomrudisha mtumiaji hadi kwenye kivinjari aende upya, na ina forward, inayokabidhi kazi kwa ukurasa mwingine ndani ya seva hiyohiyo bila kivinjari kujua. Microsoft iliweka jozi kama hiyo kwenye ASP, mfumo wake wa kuunda kurasa kwenye seva; Server.Transfer ilikuja na Windows 2000. Njia ya ndani inaokoa safari moja ya kwenda na kurudi, na kwenye mtandao wa kusuasua safari moja si kitu kidogo. Hata hivyo baada ya kutuma fomu haifai, maana anwani kwenye kivinjari inabaki ileile ya fomu, na tatizo la kupakia upya linarudi palepale.

ASP hiyohiyo ilikuwa na amri ya kuiambia programu kwamba ikikutana na kosa, iruke mstari na kuendelea. Ilipendwa mno. Ukurasa haukuonyesha kosa tena, bosi akafurahi, na rekodi zikawa zinapotea bila mtu kujua kwa nini. Amri hiyo imezeeka, lakini mjukuu wake yupo: ni mwandishi wa Java au PHP anayedaka kosa ndani ya mabano na kuyaacha mabano matupu. Kosa lililofichwa kwa mtumiaji na kwa msimamizi pia halijashughulikiwa. Limezikwa likiwa hai.

Wasomaji wa kosa ni wawili, na kila mmoja anahitaji maandishi yake. Msimamizi anahitaji kila kitu: faili gani, mstari gani, saa ngapi, swali gani la kanzidata. Hayo yaandikwe kwenye daftari la matukio la seva na yasitoke nje. Yakitoka nje humfaa mwizi, kwani ujumbe wa kosa ulioachwa wazi unaweza kutaja jina la kanzidata, njia za mafaili na wakati mwingine hata nenosiri. Kampuni kubwa haziponi: Agosti 2007 seva ya Facebook iliyopangwa vibaya iliwaonyesha baadhi ya watu msimbo wa PHP wa ukurasa wa mwanzo badala ya ukurasa wenyewe.

Mtumiaji anahitaji vitu vitatu tu: nini kimetokea kwa ombi lake, afanye nini, na amtajie nani namba gani. Ujumbe unaofaa ungesomeka hivi: "Ombi lako halijapokelewa na hakuna malipo yaliyoandikwa. Subiri dakika tano, kisha wasilisha tena. Ukipiga simu, taja namba K7-4412." Namba hiyo ndiyo inayounganisha wasomaji wawili. Afisa TEHAMA wa halmashauri, ambaye asubuhi hiyo huenda alikuwa akishughulika na mashine za POS za kukusanyia ushuru, anaitafuta kwenye daftari la matukio na kuupata mstari husika mara moja. Bila namba anabaki na maelezo ya simu: "mfumo unasema kuna kosa."

Ila sentensi ya kwanza ya ujumbe huo ni ahadi, na programu isiahidi isichokijua. Ili iseme ukweli kwamba hakuna kilichoandikwa, hatua zote za kuhifadhi lazima ziwe zimefungwa pamoja kwenye muamala mmoja wa kanzidata, zifanikiwe zote au zifutwe zote. Ujumbe mzuri hautengenezwi na mwandishi wa maneno peke yake.

Lugha ya ujumbe ni suala la pili. Mifumo mingi imetafsiriwa vizuri kwa Kiswahili hadi kwenye kitufe cha mwisho, kisha kosa likitokea inarudi kwenye Kiingereza cha kiwandani, yaani mahali hasa ambapo mtu amechanganyikiwa. Ukanda huu una wasomaji wa namna nyingi: Waha, ambao ndio wenyeji, wakimbizi wa Burundi waliopokewa katika kambi ya Nduta wilayani Kibondo, ambao Kirundi chao na Kiha vinasikilizana, na Wakongo wa Nyarugusu wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, ambao wengi wao husema Kiswahili. Kiswahili kinawafikia wengi wao. Kiingereza cha seva kinawafikia wachache.

Kuna siku ambayo hakuna namba inayorudi kabisa. Mei 12, 2024, nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Watu wengi waliona ujumbe kwenye vivinjari na kulaumu tovuti, lakini ujumbe uliandikwa na kivinjari chenyewe, kikieleza kwamba seva haikujibu. Tofauti ni rahisi kuiona: kwa kawaida ukurasa wa kosa wa seva una namba ya tarakimu tatu au nembo ya taasisi, ule wa kivinjari hauna. Seva iliyozidiwa lakini bado ina fahamu, kwa mfano saa ya kutoka matokeo ya mitihani, inapaswa kujibu 503, na inaweza kuongeza kichwa kinachotaja sekunde za kusubiri kabla ya kurudi. 502 na 504 hutolewa na seva ya mbele inapokosa jibu la maana kutoka kwa seva ya nyuma.

Ukurasa wa kosa uwe faili jepesi lililokaa peke yake. Inashangaza ni mara ngapi ukurasa unaotangaza kwamba kanzidata imezimika unaiuliza kanzidata hiyohiyo jina la taasisi na orodha ya menyu. Kosa linazaa kosa, na mtumiaji anapata weupe. Mwingine unabeba picha kubwa ya jengo la halmashauri, na mwenye bando la siku la megabaiti chache analipia picha ya jengo ili aambiwe kuwa hakuna huduma.

Halafu kuna kitu kilichoondoka bila kuhama. 404 inasema hakipo, pasipo kueleza kama kiliwahi kuwepo. 410 inasema kilikuwepo na kimeondolewa makusudi. Kambi ya Mtendeli wilayani Kakonko ilifungwa mwaka 2021, na wakazi wake wakahamishiwa Nduta. Taasisi iliyokuwa na kurasa za Mtendeli ingefanya nini? Ratiba ya kliniki ya Mtendeli ingeelekezwa kwa 301 kwenye ratiba ya Nduta, maana aliyeihitaji amehamia huko. Fomu ya kuomba kibali cha kuingia kambini ingejibu 410. Historia ya kambi ingebaki palepale kwa 200, kwa sababu kufungwa kwa kambi hakufuti kwamba watu waliishi pale. Kurasa tatu za kambi moja, majibu matatu. Uamuzi kama huu hauwezi kuachiwa programu. Anayejua ni mtu wa idara.

Njia ya mkato iliyozoeleka ni kuelekeza kila anwani iliyokufa kwenye ukurasa wa mwanzo. Inaonekana ya kistaarabu. Kwa aliyebofya kiungo cha fomu kwenye kundi la WhatsApp na kujikuta anatazama picha za ziara ya mkuu wa wilaya, haimwelezi kitu. Anarudi na kubofya tena, akidhani kidole kilikosea.

Hatari ya mwisho inahusu ukarimu wa kupita kiasi. Mifumo mingi hukumbuka mtu alikotoka kabla ya kuombwa nenosiri, ili akishaingia arudishwe pale, na kumbukumbu hiyo hukaa kwenye anwani: ingia?rudi=/malipo. Programu ikikubali neno lolote baada ya rudi, tapeli ataweka hapo anwani ya tovuti yake iliyofanana na halisi. Anayeipokea kwa SMS anaona anwani ya taasisi anayoiamini, anaingia, kisha anaelekezwa na taasisi hiyohiyo mikononi mwa tapeli. Shirika la usalama wa programu za wavuti, OWASP, liliorodhesha kasoro hii kati ya hatari kumi kuu za wavuti mwaka 2010 na tena 2013. Kinga ni orodha: rudi ikubali njia za ndani ya tovuti pekee. Kuhusu uelekezaji unaozunguka, ambapo ukurasa wa kwanza unakupeleka wa pili na wa pili unakurudisha wa kwanza, vivinjari hukata tamaa baada ya mizunguko ishirini hivi. Mara nyingi mkosaji ni seva mbili zinazobishana kuhusu http na https.

Afisa anayepanga kuhamisha tovuti ya halmashauri, shule au chama cha ushirika anaweza kuanza na jedwali la safu mbili: anwani ya zamani, anwani mpya. Safu ya kwanza aichukue kwenye daftari la matukio la seva, ambalo linaonyesha kurasa zinazoombwa kweli. Menyu inaonyesha zile tu ambazo mtengenezaji alizipenda. Baada ya kuhama, apitie 404 za kila wiki kwa miezi michache. Anwani inayojirudia humo ina watu nyuma yake: imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata, imechapishwa kwenye barua, au imehifadhiwa kwenye simu ya dada wa steshenari. Kila moja aiongezee mstari kwenye jedwali.

Sehemu ya nne itahusu vidakuzi na vipindi: jinsi seva inavyomtambua mtu yuleyule kati ya ombi na ombi, na kwa nini kompyuta moja ya steshenari, inayotumiwa na waombaji arobaini kwa siku, huwachanganya.